Karatasi ya Karanga: Santuri, Riwaya na Katuni katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wanamuziki wenzake waliondoka Unguja kwa meli kuelekea Bombay. Huko walisubiriwa na mafundi wa kampuni ya santuri, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake, ili waimbe mbele ya mtambo wa kunasia sauti. Nyimbo walizozoea kuziimba usiku kucha ziligawanywa zikatosha upande mmoja wa santuri, takriban dakika tatu. Walirudi nyumbani, na muda si mrefu sauti zao zikawafuata, zikauzwa madukani na kusikilizwa mikahawani na majumbani kotekote pwani. Kwa kadiri inavyojulikana, hapo ndipo sauti ya mwanamke wa Afrika Mashariki akiimba kwa Kiswahili ilipoanza kuwa bidhaa.

Tukio hilo limetajwa katika vitabu kadhaa vya historia ya muziki. Katika historia ya fasihi, hata hivyo, aghalabu hupitwa kwa sentensi moja, kama linatajwa kabisa. Njia inayofuatwa na masimulizi ya fasihi ya Kiswahili inajulikana: huanzia tenzi za Lamu na Pate, hupita kwa Muyaka wa Mombasa, hufika kwa Shaaban Robert, kisha huingia kwenye riwaya na tamthilia za vyuo vikuu baada ya uhuru. Njia hiyo si ya uongo. Lakini pembezoni mwake kuna vitu ambavyo Waswahili walivisoma, walivisikiliza na kuvicheka kila siku, navyo havikuhesabiwa kwa sababu havikukusudiwa kudumu: santuri iliyovunjika, riwaya ya upelelezi iliyokopeshwa ikaisha jalada, gazeti la katuni lililoishia kuwa karatasi ya kufungia karanga.

Swali la kihistoria linalozuka hapa si iwapo vitu hivyo ni fasihi bora. Swali ni nini kinachopotea vinapopotea, na ni nani bado anaweza kuvieleza.

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Aliuza vyungu akitembea kwa miguu na kunadi bidhaa yake kwa sauti, na masimulizi mengi yanasema kuwa ni sauti hiyo ya kunadi iliyomtambulisha kwa watu kabla hajawa mwimbaji. Mwaka 1911 alihamia mjini, akakaa Ng'ambo, ule upande wa pili wa mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na mitaa ya wafanyakazi, wachukuzi na watu waliokuwa watumwa hadi hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897. Huko ndiko alikofundishwa muziki na Ali Muhsin, mmoja wa wanamuziki wa Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905.

Taarabu aliyoikuta ilikuwa na historia ya jumba la kifalme. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliileta kutoka Misri, na kwa muda mrefu iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, akiwamo Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo na Mbaruku, kipofu aliyetoka Mombasa, waliishusha ikakaa barazani. Waliimba kwa Kiswahili cha Ng'ambo, na mambo waliyoyaimba yalikuwa ya Ng'ambo: mapenzi na usaliti, lakini pia wizi, udhalimu wa wenye vyeo, na kesi zilizokuwa zikisikilizwa mahakamani. Si jambo dogo kwamba mwaka uleule wa safari ya Bombay ndio ambao wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Mtaa uliotoa sauti ile ulikuwa mtaa wenye la kusema.

Mfano unaotajwa zaidi ni wimbo wa Kijiti. Kisa chake, kama kinavyosimuliwa, ni cha mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akatoka matembezini na watu aliowajua kwa muda mfupi, akauawa. Mtuhumiwa alivuka bahari akaponyoka. Wanawake waliokuwapo na waliotoa ushahidi ndio walioishia mikononi mwa sheria. Jalada la mahakama la kesi kama hiyo hueleza tarehe, majina, vifungu vya sheria na hukumu. Wimbo hueleza jambo ambalo jalada halina nafasi nalo: mtaa ulivyoipokea hukumu. Ulimtaja mtuhumiwa kwa jina ambalo kila msikilizaji alilijua, ukamlilia marehemu, na ukaacha wazi kwamba haki haikutendeka. Katika jamii ambamo wanawake wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti wala kiti katika baraza la kutunga sheria, dakika tatu za santuri zilikuwa rufaa yao.

Shaaban Robert aliuona uzito huo. Katika siku za mwisho za maisha ya Siti, aliyefariki Julai 1950, mshairi huyo alikutana naye na kumsikiliza, na matokeo yake ni Wasifu wa Siti binti Saad. Yafaa kuitafakari hatua hiyo. Mwandishi aliyekuwa akitazamwa kama kilele cha ushairi wa Kiswahili aliamua kuandika kitabu kizima juu ya mwanamke asiyejua kusoma, mwenye asili ya utumwa, aliyejipatia riziki kwa kuimba. Kwake yeye, mstari kati ya fasihi na kile kilichouzwa dukani haukuwa ukuta.

Hata hivyo kitabu kilipata bahati ambayo nyimbo hazikuipata. Wasifu ulichapwa, ukaingia shuleni, ukatahiniwa. Vizazi vya wanafunzi wa Tanzania vilimjua Siti kama kielelezo cha bidii, subira na utu. Santuri hazikutahiniwa. Mwanafunzi aliweza kufaulu maswali yote kuhusu Siti bila kuwahi kusikia sauti yake. Hivyo ndivyo kusahauliwa kunavyotokea mara nyingi: jina hubaki, likaheshimiwa hata, huku kazi yenyewe ikiwekwa kando.

Kazi hiyo ilikuwa dhaifu kwa maumbile yake. Santuri za wakati ule zilitengenezwa kwa utomvu unaotokana na wadudu wa India, zikazunguka mara 78 kwa dakika chini ya sindano ya chuma iliyozikwaruza kila zilipopigwa. Kadiri santuri ilivyopendwa, ndivyo ilivyochakaa upesi. Iliyobaki safi mara nyingi ni ile ambayo hakuna aliyeijali. Ikianguka sakafuni, ilivunjika kama kigae. Zilizonusurika leo zimetawanyika: baadhi katika kumbukumbu za kampuni huko Hayes, magharibi mwa London, baadhi katika Maktaba ya Uingereza, na nyingine katika masanduku ya watu binafsi. Mwaka 2007 maktaba hiyo ilishirikiana na kampuni ya Topic kutoa diski ya nyimbo za Waswahili za miaka ya 1920 hadi 1950. Ilikuwa kazi ya shukrani, lakini inaonyesha pia jinsi mambo yalivyo: mwenye kutaka kusikia baraza la Ng'ambo huenda ikambidi apande treni ya London.

Miaka minane baada ya kifo cha Siti, Mzanzibari mwingine alikuwa akiandika kwa namna tofauti kuhusu mambo yaleyale ya mtaani. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la Idara ya Kilimo. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi asiye na sare wala mshahara wa polisi, mwenye kiko mdomoni na rafiki anayemfuata, Najum.

Wahakiki walikuwa wepesi kuona nasaba yake. Kiko kile, rafiki yule, na tabia ile ya kumwacha polisi akosee kwanza vilitoka kwa Sherlock Holmes. Ulinganisho huo ni sahihi, lakini umekuwa pia njia ya kumaliza mazungumzo: kilichoazimwa kikishatajwa, kilichobaki hakitazamwi. Kilichobaki ni kingi. Bwana Msa hafuatilii majivu ya sigara katika barabara za London zenye ukungu. Anakaa sebuleni kwa watu, anakunywa chai, anasikiliza nani anamwita nani shemeji na nani hamtaji nani kabisa. Siri anazofumbua ni za nasaba na mirathi, za ndoa zilizofichwa na watoto ambao baba zao hawakutajwa. Katika kisiwa ambacho swali la mtu ni mtoto wa nani liliamua shamba, ndoa na heshima, hiyo ndiyo iliyokuwa elimu ya upelelezi.

Si ajabu kwamba aliyeivumbua alikuwa bwana afya. Mkaguzi wa afya huingia pale asipoingia mgeni mwingine: jikoni, kisimani, uani, chooni. Huona nyumba upande wake wa nyuma. Na kazi yake humtaka jambo lilelile analolitaka Bwana Msa: kutotosheka na jibu kwamba maradhi, au mauti, yameletwa na mizimu. Katika riwaya ile ya kwanza, maiti inapatikana kwenye mzimu wenyewe, mahali ambapo kila mtu ana maelezo tayari. Mpelelezi anayakataa maelezo hayo bila kuwadhihaki wanaoyaamini. Anauliza tu nani alikuwa wapi. Ni mjadala mzito wa wakati wake, wa imani na hoja, uliotolewa kwa umbo ambalo msomaji angeweza kulimaliza usiku mmoja kwa mwanga wa kandili.

Vitabu vilivyofuata, Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984, vilitoka baada ya mapinduzi ya 1964. Ulimwengu wake, hata hivyo, unabaki kwa kiasi kikubwa ule wa kabla: wenye mashamba, watumishi, nyumba kubwa na adabu zake. Wapo waliomlaumu kwa hilo, na lawama ina msingi wake. Mtu anayetafuta mapinduzi humo atarudi mikono mitupu. Lakini msomaji aliyeondoka Unguja katika miaka ile, akaishia Muscat, Dubai au Portsmouth, alikuta ndani ya vitabu hivyo vya bei nafuu jambo ambalo vitabu vizito havikumpa: mpangilio wa maongezi, utani wa Kimakunduchi na wa mjini, namna ya kubisha hodi na kukaribishwa. Kwa baadhi ya familia, riwaya za Bwana Msa zilikuwa njia ya kuwasikilizisha watoto Kiswahili ambacho majirani zao wapya hawakukisema.

Bara, riwaya ya upelelezi ilikwenda njia nyingine. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka mwaka 1965, na miaka ya 1970 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba, jasusi wa mjini mwenye bastola na safari za ndege. Vitabu hivyo viliuzwa mitaani, vikapita mikono kumi kabla ya kuchanika. Vyuo vikuu viliviita fasihi pendwa, neno lenye sura ya sifa ambalo kwa kawaida lilitumiwa kama kufuli.

Ikiwa riwaya ya upelelezi ilipewa angalau jina la dharau, katuni kwa muda mrefu hazikupewa hata hilo. Nazo zina historia ndefu. Katika miaka ya 1950 wasomaji wa Kiswahili walikuwa tayari wamezoea hadithi za picha, zikiwamo zile zilizotungwa kutangaza majarini. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, ambaye kwa miongo kadhaa aliwachekesha wasomaji wa Taifa. Jina lenyewe ni mzaha wa kifasihi: kalulu ni sungura, mjanja wa hadithi za bibi, na hapa anavikwa ujuha. Nchini Tanzania, Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Lilikuwa gazeti la chama tawala, na kurasa zake zilijaa hotuba. Chakubanga alikuwa na kipande chake cha ukurasa, na wako waliofungua gazeti kuanzia hapo.

Katika miaka ya 1980 Dar es Salaam ilipata jarida la Sani, lililochota jina lake kutoka majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo wasomaji walikutana na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Dokta Love Pimbi, na miongoni mwa walioipa katuni ya Tanzania sura yake ni Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Majina ya wahusika hao ni sosholojia kwa ufupi. Ndumilakuwili ni mtu mwenye ndimi mbili. Lodi Lofa ni bwana mkubwa asiye na kazi, mtukufu wa kijiweni. Katika muongo wa foleni za sukari na sabuni, wa bidhaa za magendo, na wa msako wa wahujumu uchumi ulioanza mwaka 1983, watu wa namna hizo walikuwa kila mtaa, na hotuba rasmi haikuwa na msamiati wao. Sani ilikuwa nao. Mwanahistoria anayetaka kujua bei rasmi ya sukari ataipata katika nyaraka za serikali. Anayetaka kujua watu walivyoipata sukari yenyewe, na waliitana majina gani walipoitafuta, afadhali aanzie katika katuni.

Ni lazima kusema pia kwamba kupuuzwa hakukifanyi kitu kuwa kizuri. Katuni nyingi za wakati ule zilimchora mwanamke wa mjini kama mtego, na mtu wa shamba kama mpumbavu. Kati ya riwaya za mitaani zipo zilizoandikwa kwa haraka na kunakiliwa kutoka filamu. Hata nyimbo za barazani zilikuwa na mafumbo ya kumvunjia mtu heshima. Siti mwenyewe alitungiwa kejeli kuhusu asili yake na sura yake, naye akajibu kwa wimbo. Mwenye kuvikusanya vitu hivi kwa kuvipenda tu atavipaka asali visivyostahili. Lakini ubaya huo nao ni ushahidi. Kejeli aliyotungiwa Siti inaeleza jinsi utumwa ulivyoendelea kuishi katika ndimi za watu miongo mingi baada ya kufutwa katika sheria, na inaeleza hivyo kwa uwazi kuliko ripoti yoyote ya kikoloni.

Kuna kitu kimoja cha kila siku kilichofanikiwa kuepuka hatima ya santuri na katuni, nacho ni kanga. Tangu nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ilipoanza biashara Mombasa mwaka 1887, maneno ya kanga, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye za Kilatini, yamechapwa, yamevaliwa, yamefuliwa na kuchakaa kwa mamilioni. Kanga haikupuuzwa kwa sababu moja ya wazi: ilikuwa na mwenyewe. Mwanamke aliyeinunua aliijua sababu ya kuichagua, aliyelengwa aliijua pia, na binti aliyeirithi alisimuliwa. Doti ilikunjwa sandukuni pamoja na maelezo yake. Kitu na simulizi vilitunzwa na mtu mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kitu cha kila siku hakijitoshelezi. Kitabu kizito huandikwa kwa msomaji asiyejulikana, kwa hiyo hujieleza. Wimbo wa baraza, katuni ya foleni na mzaha wa Bwana Msa viliandikwa kwa watu waliojua tayari. Wimbo wa Kijiti haukuhitaji kueleza Kijiti ni nani; Ng'ambo yote ilimjua. Chakubanga hakuhitaji tanbihi kuhusu uhaba wa wiki ile. Kadiri kitu kilivyokuwa karibu na watu, ndivyo kilivyoacha mengi bila kuyasema, na ndivyo kinavyokuwa bubu mara tu watu hao wanapoondoka.

Kwa hiyo kuna uhifadhi wa aina mbili, na hauendi kwa kasi moja. Uhifadhi wa vitu unaendelea, japo polepole: sauti zinahamishwa kutoka santuri kwenda katika kompyuta, magazeti ya zamani yanapigwa picha, na vitabu vilivyokwisha madukani vinaweza kupatikana tena. Uhifadhi wa maelezo haujaanza ipasavyo. Sauti iliyotunzwa Hayes katika chumba chenye ubaridi uliopimwa inaweza kudumu karne nyingine. Mzee wa Muscat aliyemsikia mama yake akieleza ule ubeti wa tatu ulimlenga nani hana karne nyingine. Wala mchuuzi mstaafu wa magazeti wa Kariakoo, anayekumbuka ni katuni ipi iliyowafanya watu wapigiane simu asubuhi.

Watu hao wengi wao hawajioni kuwa na kitu cha thamani. Wakiulizwa kuhusu historia, huanza na sultani, na gavana, na mapinduzi, kwa kuwa hayo ndiyo waliyofundishwa kuwa ni historia. Huwa wanashangaa wakiulizwa walicheka nini, waliimba nini, walikopeshana kitabu gani. Siku Shaaban Robert alipokaa mbele ya Siti binti Saad, mwanamke mzee anayekaribia mwisho wake, alimuuliza mambo ya namna hiyo, akayaandika. Hakusubiri apate mtambo wala ruzuku. Ilimtosha kujua nani wa kumuuliza, na kwamba muda uliobaki ulikuwa mchache.